Saroja wa Zamu ya Tatu

Miaka sita nimelala kiti cha saba na yeye kiti cha nane, na katika miaka hiyo yote sijawahi kumaliza usingizi hata mara moja. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, sindano mbili mkononi, damu inatoka, inazunguka mashineni, inasafishwa, inarudi, na pembeni yangu Saroja anaongea. Mke wangu amenivumilia miaka thelathini na moja na hajawahi kusema hata nusu ya hayo. Wiki ya kwanza nilimwomba muuguzi anihamishe. Muuguzi akacheka. "Pak Rodzi," akaniambia, "kila aliyekaa kiti hicho aliomba hivyo hivyo."

Huyo Saroja alikuwa anauza vadai, bajia za dengu, karibu na stesheni ya reli hapa Taiping, Malaysia. Mumewe alikuwa fundi wa reli, akafa, akamwachia pensheni ndogo na toroli kubwa. Mabinti zake wawili wako Johor, wanapiga simu kila Jumapili kumwambia aache kufanya kazi, na hawatumi kitu. Figo zilimfia akiwa na miaka hamsini na mbili. Siku daktari alipomwambia, eti alimjibu, "Sawa, lakini isiwe asubuhi, asubuhi nina wateja." Mimi simwiti mwongo, maana kwa Saroja hilo linawezekana kabisa. Yeye ananiita Abang, kaka kwa Kimalay; mimi namwita Akka, dada kwa Kitamil.

Ndiyo maana alikuwa zamu ya tatu. Zamu ya kwanza ni ya wazee wenye watoto wenye magari. Ya pili ni ya wastaafu. Ya tatu ni sisi kumi na wanane tunaochuma mchana: mimi na basi langu la shule, Saroja na karai lake, na Anko Teoh wa kiti cha tisa, fundi saa, miaka sabini, ambaye hajawahi kumkatalia mtu kitu chochote tangu azaliwe.

Kituo chetu kinaendeshwa na chama cha hisani, na chama kilikuwa na kamati ya watu kumi na mmoja. Kumi na mmoja kama timu ya mpira, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kuugua figo. Mwenyekiti kwa miaka kumi na minne alikuwa Datuk Khoo Boon Siang (Datuk ni cheo cha heshima), mwenye hoteli, vituo vya mafuta, na shamba la belimbing huko nje ya mji. Belimbing, ndugu yake birimbi, ni lile tunda la pembe tano ambalo ukilikata linakuwa nyota. Kuchangisha kwao kulikuwa kwa namna moja tu: karamu moja kwa mwaka, hotelini kwa Datuk. Tajiri ananunua meza nzima, jina lake linasomwa kwenye kipaza sauti, anapanda jukwaani na kupigwa picha ameshika hundi ya kadibodi kubwa kama mlango. Mwakani tena hivyo hivyo, sura zile zile, supu ile ile.

Mwaka ule supu haikutosha. Matajiri wawili walikufa, wa tatu akagombana na Datuk juu ya kiwanja, na kamati ikatoa tangazo: zamu ya tatu itafungwa mwisho wa Desemba, labda zipatikane ringgit elfu tisini. Zikikosekana, sisi twende Ipoh. Ipoh ni saa nzima na zaidi kwenda, na zaidi kurudi, mara tatu kwa wiki. Kwangu ilikuwa kwaheri basi. Kwa Saroja, kwaheri karai. Na wenzetu kama Anko Teoh wangekwenda mara mbili, tatu, halafu wangeona bora wakae nyumbani. Mgonjwa wetu akikaa nyumbani siku kumi, anazikwa. Sina lugha tamu ya kulisema hilo.

Basi kamati ikaamua safari hii wagonjwa nasi tualikwe kwenye karamu, ili matajiri watuone watuhurumie. Tukavaa nguo zetu za sikukuu. Tukapewa meza namba arobaini na moja, mlangoni kabisa pa choo. Waliita meza ya "vyakula maalumu": Mwislamu asiyekula nguruwe, Mhindu asiyekula ng'ombe, wasiokula nyama kabisa, wote tukarundikwa pale. Chakula chetu kilitoka nje kwenye vifuko vya plastiki, kimepoa. Anko Teoh alikuwa amekasirika, na yeye huwa hakasiriki.

"Mimi nakula nguruwe!" akasema. "Nimekosa nini?"

"Umekosa figo, Anko," Saroja akamjibu. "Kaa hapo, ule wali wako baridi."

Kila mara mlango wa choo ukifunguliwa, tajiri mmoja anatoka anafunga zipu, anatuona, anatuinamishia kichwa kwa huruma. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Ikafika saa ya picha. Tukaitwa jukwaani, tukapangwa kama watoto wa chekechea, na Datuk akatoa zawadi kutoka shambani kwake kwa mkono wake mwenyewe. Kila mgonjwa kikapu cha belimbing na glasi ndefu ya juisi yake, baridi, inatoa jasho. "Kwa afya yenu!" akasema kwenye kipaza sauti, na ukumbi mzima ukanyanyua glasi.

Sasa nisikilize. Mtu wa figo kitu cha kwanza anachofundishwa, kabla hajaonyeshwa hata kiti chake, ni kwamba tunda hilo ni sumu kwake. Mwenye figo nzima anakula tu. Sisi linatupanda kichwani: kwikwi, kifafa, jeneza. Picha yake imebandikwa ukutani kituoni, imepigwa msalaba mwekundu mkubwa kuliko dirisha. Lakini kamati hukutana hotelini kwa Datuk. Ndani ya kituo walikuwa hawaingii, wanaishia kwenye zulia la mapokezi.

Na mtu wa figo ana kiu. Nusu lita ya maji kwa siku, basi. Anko Teoh aliiangalia ile glasi, akamwangalia Datuk, na mimi nikaona kabisa kwamba mzee anakunywa, kwa kiu na kwa adabu. Nilitaka kupiga kelele. Saroja hakutaka kitu, alifanya. Alimpiga Anko Teoh kofi mkononi, glasi ikaruka, juisi yote ikatua kifuani kwa Datuk. Halafu akakwapua kipaza sauti.

"Jamani matajiri," akasema, "asanteni kwa pesa zenu. Ila hii juisi inatuua. Mkitaka kufunga zamu ya tatu leo leo, tunywesheni wote, mmeokoa elfu tisini."

Kutoka meza fulani mwanamke mmoja akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Gazeti la kesho yake halikuandika maneno mengi. Lilitoa picha tu, Datuk na shati lake. Na elfu tisini hazikupatikana.

Wiki haikuisha, barua ikaja. Kamati, kwa kujali sauti za wote, imempa Bi Saroja kiti cha mwakilishi wa wagonjwa. Walitaka kufuta aibu, si kitu kingine. Alinisimulia mkutano wa kwanza tukiwa tumeunganishwa mashineni, na kwa mara ya kwanza nilitega sikio kwa hiari yangu. Aliingia, katibu akamwonyesha birika. Alidhani amekuja kuhudumu.

"Nikamwambia, mwanangu, chai nimewamiminia watu miaka thelathini. Leo mimina wewe. Robo kikombe, nina figo."

"Ukasema hivyo kweli?"

"Abang Rodzi, mimi nikudanganye ili iweje? Unanilipa?"

Alichowaambia baada ya chai ndicho kilicholeta balaa. Aliwaambia mji huu una Wachina, una Wamalay, una Watamil, na kila watu wana namna yao ya kutoa, ninyi mnaijua moja tu. Wengine wanataka jina lisomwe, wengine wakisomwa jina wanaona haya. Wengine hawatoi pesa, wanatoa chakula. Waendeeni kwao, kwa namna yao. Na wale watakaokusanya, pamoja na wagonjwa, wakae mezani hapa waamue, nusu kwa nusu na ninyi.

"Kamati si soko," Datuk akasema.

"Sokoni tunauza kila siku, Datuk," akamjibu. "Nyie mnauza mara moja kwa mwaka, halafu mnashangaa."

Jumatano iliyofuata Datuk mwenyewe akaja kituoni. Ndani. Walimvisha vifuniko vya plastiki viatuni, akawa anatembea kama bata. Akapita kiti kwa kiti, anaangalia mirija yenye damu na uso umemshuka. Akasimama katikati na kusema atatoa elfu tisini zote, mfukoni kwake, kesho. Sharti moja: kamati ibaki kama ilivyo.

"Mama yangu alikufa kwa figo," akasema, "kabla mji huu haujaona mashine hata moja. Nimewabeba ninyi miaka kumi na minne. Sikustahili kumwagiwa juisi."

Mimi nilimwonea huruma, kweli, na papo hapo nilitaka pesa zake, kweli zaidi. Kamati iwe na nani, mimi ilinihusu nini? Mimi nilitaka kuishi.

Saroja alisema tu kwamba jambo si lake peke yake, ni la watu kumi na wanane, tupige kura. Akaeleza pande zote mbili vizuri, sawasawa, mpaka nikashindwa kujua ameinamia wapi, ingawa sote tulidhani tunajua. Tukichukua, mwakani tupo salama na mwaka unaofuata tunamtegemea mtu yule yule, anavyotaka. Tukikataa, tuna miezi mitatu ya kutafuta wenyewe, na tukishindwa tumekwisha. Muuguzi akapita na bati la biskuti, kila mtu akaandika kwa mkono usio na sindano, akakunja, akatumbukiza. Datuk akasubiri mapokezi, kwenye zulia lake.

Muuguzi akasoma. Tuchukue, nane. Tukatae, kumi.

Nilipandwa na hasira mpaka mashine ikaanza kulia, shinikizo la damu limepanda. "Umetuchinja, Akka!" nikamwambia. "Wewe na hicho kiburi chako! Umeona raha kumwagia Datuk juisi, sasa unatufanya wote tulipe shati!" Yeye akatazama dari. Zikapita saa mbili, tatu, hakuna neno. Nikasema moyoni, ndiyo, dhamiri inamsuta.

Ijumaa yake mdomo ulikuwa umerudi, na karatasi mkononi. "Abang Rodzi, wewe msikitini."

"Mimi siendi popote. Nimekasirika."

"Kasirika ukienda. Inasaidia miguu."

"Akka, Wamalay hawawezi kuchangia. Wanajua ni chama cha Wachina."

"Nani kawaambia?"

"Jina la Datuk si liko ukutani?"

"Nakuuliza, umewahi kuwaomba?"

Sikuwahi. Miaka sita nasafishwa damu kwa nusu bei, na wenzangu ninaosali nao sikuwahi kuwaambia hata kwamba naumwa. Nilikwenda nimeinamisha kichwa. Wazee wa msikiti wakaniuliza maswali mawili tu: hizo pesa zitachanganywa na pesa za matajiri wa bahati nasibu, ambazo kwetu ni haramu? Na, hamtasoma majina yetu? Nikarudi na maswali yangu kama mjumbe wa vita. Saroja akakuna kichwa, akakaa na wengine, wakakubaliana: za msikitini zinunue dawa na mirija, za bahati nasibu zilipe umeme na rangi ya kuta, mafungu mbali mbali. Jambo dogo hivyo, na kamati ya watu kumi na mmoja ilikuwa haijawahi kuliwaza. Ijumaa nne, sanduku la mbao mlangoni, bila jina, bila picha. Mtu ambaye namjua hana hata baiskeli nilimwona anakunja noti ya hamsini ndogo ndogo, anaitumbukiza huku anaangalia pembeni, eti nisimwone.

Anko Teoh alipewa chama cha wauza vyakula wa Kichina. Wao wakaandaa jioni ya kuimba. Unatoa hamsini unapanda kuimba, na anayetaka kukunyamazisha anatoa mia. Anko Teoh ana sauti ya bawaba kavu. Akaimba nusu ubeti, meza ya wauza tambi ikatoa mia anyamaze. Akanyamaza. Meza ya wauza bata ikatoa mia mbili aendelee, kwa ajili ya kuwakomoa wauza tambi. Yule mzee aliimba wimbo mmoja kwa saa moja na nusu, na peke yake alileta zaidi ya meza tatu za matajiri. Alirudi kiti cha tisa amenyoosha mabega, akatutangazia kwamba kumbe ana kipaji.

Hekalu la Saroja halikutoa pesa. Lilitoa mchele, dengu, mafuta, na wanawake arobaini wenye mikono. Ndipo likaja gulio la chakula, uwanja wa shule, Jumamosi moja ya Novemba. Unanunua kuponi mlangoni, unakula kwa kuponi. Majiko safu tatu, kila watu na safu yao na sufuria zao, asile mtu kwa wasiwasi. Mke wangu akapika rendang, nyama ya nazi na viungo, siku mbili bila kulala vizuri na kunilaumu mimi. Na mvua ikanyesha, maana hii ni Taiping. Ilinyesha kama inalipwa. Hakuna aliyeondoka. Watu walikula chini ya miavuli, miguu majini, wakigombea vadai za Saroja.

Datuk akaja, na dereva wake nyuma. Akaenda moja kwa moja kwenye karai, akanyoosha mkono.

"Kuponi, Datuk," Saroja akasema.

"Saroja, ni mimi."

"Naona ni wewe. Kuponi zinauzwa kule. Foleni inaanzia pale kwenye dimbwi."

Nilidhani ataondoka. Akasimama kidogo, akaangalia ile foleni, Mmalay, Mchina, Mtamil, kila mtu kalowa, akaenda akasimama nyuma ya mtoto mwenye puto. Aliporudi na kuponi zake akapewa vadai mbili kwenye gazeti. Akala. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kuna kazi. Saroja akampa mwavuli, akamwambia aukinge juu ya karai, mafuta yasiingie maji. Datuk Khoo Boon Siang akasimama hapo saa mbili na mwavuli wake. Nilimwona anageuka geuka kutafuta mpiga picha. Hakukuwepo.

Tulipata elfu tisini na moja na ushei. Nilipoambiwa nilikaa chini kwenye ngazi ya basi langu, watoto wa shule wananiuliza tunaondoka saa ngapi. Zamu ya tatu ikabaki. Kamati ikawa nusu kwa nusu, Datuk kwenye kiti cha mwenyekiti na Saroja pembeni yake, na nasikia wanagombana kila mkutano na kwamba mikutano siku hizi wanafanyia kituoni.

Jumatatu ya kwanza ya Januari tukalala kwenye viti vyetu, saba, nane, tisa. Sindano zikaingia, mashine zikaanza. Saroja alikuwa amekonda. Miezi mitatu alikaanga asubuhi, jioni zisizo za mashine akatembea mlango kwa mlango, na vidole vyake vilikuwa na malengelenge ya mafuta. Jambo lilinikaa kooni toka siku ya gulio, nikaona nilitoe.

"Akka," nikasema. "Ile kura. Nilikuita mchinjaji. Mimi niliandika tuchukue pesa. Naona aibu."

"Hata mimi," akasema.

"Hata wewe nini?"

"Niliandika tuchukue. Nilikuwa naogopa kufa, Abang."

Niliinua kichwa mpaka mrija ukavutika, muuguzi akanigombeza. Nikamtazama yule mwanamke kama sijawahi kumwona. "Sasa yote yale?" nikamuuliza. "Msikiti, hekalu, gulio, miguu yote ile, kwa jambo ulilolikataa mwenyewe?"

"Waliokataa walikuwa kumi," Saroja akasema. "Ulitaka nifanyeje, ninune kama wewe?"